Usiku usio na mwisho: miraa, ngoma na akili zetu, kutoka Ngumi mpaka ukimbizini

Zamu hii ya kuandika imetuangukia sisi ambao wazee wetu walitoka Ngumi, Koyama, Chovai, Chula na mitaa ya Kismayo. Tulikuwa tumepanga kuandika juu ya mashua. Tumeishia kuandika juu ya miraa, na sababu ni hii.

Siku moja tulikuwa kwenye semina ya afya ya akili. Mwezeshaji, kijana mzuri tu, alikuja na picha za matamasha ya muziki ya Ulaya na Marekani: maelfu ya watu uwanjani, taa za rangi, na vijana waliomeza LSD, uyoga au vidonge ili muziki uwaingie zaidi. Akaeleza vile wengine hurudi nyumbani salama, na wengine hurudi na hofu isiyoondoka. Akauliza, "Nani kati yenu ameshawahi kuona kitu kama hiki?" Kimya. Uwanja gani huo wa taa, sisi tuuone wapi?

Basi mmoja wetu akanyoosha mkono. "Na harusi ya juzi je?"

Tukacheka. Kisha kicheko kikakatika, manake kila mtu alikumbuka nani aliugua baada ya harusi ile.

Ndugu yetu huyo hatutamtaja jina wala mtaa. Ni kijana wa miaka ishirini na kitu, fundi wa mashine za boti, mtu wa utani. Harusi ilikwenda usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila usiku alikula miraa, na mchana akatafuna muguka ili asisinzie kazini. Usiku wa nne harusi ilikuwa imekwisha, lakini yeye hakulala. Akaanza kusema anasikia watu wakimtaja nyuma ya ukuta. Akasema ni wale wale waliowavamia wazazi wake kisiwani, wamemfuata mpaka huku. Na yeye, wakati kisiwa kinavamiwa, alikuwa hata hajazaliwa.

Mama yake alisema ni jini la baharini. Ami yake akasema ni majani tu hayo, akilala ataamka mzima. Bibi yake akasema, "Hivyo ni vita, wanangu, havijaisha." Wakabishana siku mbili. Siku hizo mbili yeye alikuwa amefungwa kamba ya mguu kwenye kitanda, asije akatoka nje akadhaniwa mwizi akapigwa.

Tulipoamua kuandika, tulitaka kujua nani kati ya wale watatu alisema kweli. Tumeuliza wazee, tumesoma tulichoweza kusoma, na tunaliweka jibu letu mezani mapema: kila mmoja aliona kipande. Ila kuna kipande cha nne ambacho hakuna aliyekitaja, nacho ni usingizi.

Ngoma za kwetu zilikuwa na mwisho

Tuanze nyumbani. Visiwa vyetu vimejipanga kama shanga kando ya pwani, kutoka kusini ya Kismayo mpaka karibu na Ras Kamboni. Ngumi ni kimoja chao. Watu walivua, walikata boriti mikokoni, na waliolima walivuka bara kulima. Mtaliano mmoja, Vinigi Grottanelli, alikuja kukaa na Wabajuni na mwaka 1955 akatoa kitabu kizima juu ya uvuvi, imani na maisha yao. Kwa hiyo mtu akikwambia Wabajuni hawana historia iliyoandikwa, mwambie atafute vizuri.

Kukesha si jambo geni kwetu. Wakulima wa Kibajuni walikuwa na vave, nyimbo za kuimba usiku ule kabla ya kuchoma msitu uliofyekwa ili kupanda. Harusi zilikuwa na vugo la wanawake, wanapiga pembe huku wakiimba. Wanaume walikuwa na kirumbizi, ngoma ya kuchezeana fimbo. Na kulikuwa na ngoma ya kupunga pepo, ambayo wengi wetu leo tunaionea haya, na masheikh wengi wanaikataza. Hatuiandiki hapa ili tuirudishe. Tunaiandika kwa sababu inatufundisha kitu.

Katika ngoma ya pepo mtu alitoka akilini mbele za watu. Alitetemeka, alisema kwa sauti isiyo yake, alianguka. Hakumeza kidonge wala hakutafuna jani: zilikuwa ngoma, ubani na nyimbo tu. Lakini tazameni ilivyopangwa. Kulikuwa na mtu mmoja mwenye dhamana, anayejua lini aanze na lini asimamishe. Jamaa zake walimzunguka, wengine kazi yao ni kumdaka asianguke vibaya. Ngoma ilikuwa na siku zake, na siku zikiisha imeisha. Baada yake mtu alipewa chakula, akaogeshwa, akalazwa.

Wazee wetu wanasema hata vave ilikuwa hivyo. Ukikesha leo, kesho msitu unachomwa, keshokutwa unalala. Usiku mrefu ulikuwa na kazi yake, na ulikuwa na mlango wa kutokea.

Ajabu ni kwamba hata kule Ulaya wamefika hapo hapo kwa njia ya mateso. LSD ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1938 na mkemia wa Uswisi, Albert Hofmann, na mwaka 1943 ndipo alipojua kwa mwili wake mwenyewe inachofanya. Miaka ya sitini ikaingia kwenye muziki. Huko Woodstock, Agosti 1969, ilibidi watu waonywe kutoka jukwaani kwamba kuna dawa mbaya inazunguka. Leo kwenye matamasha mengi utakuta hema la utulivu: mtu aliyezidiwa anakaa, anapewa maji, na kuna mwenziwe asiyetumia chochote aliyekaa naye mpaka atulie. Yaani wamelazimika kumrudisha yule mtu wa kudaka.

Jani lilikujaje

Sasa jani lenyewe. Wengi wetu tumekua tukidhani miraa ni yetu tangu enzi na enzi. Si kweli. Katika ardhi ya Wasomali, jani lilikuwa zaidi la kaskazini, karibu na Harar na Yemen. Huko ndiko lilikotumika kwa kukesha kwenye dhikri na kusoma. Na mjadala wa halali au haramu si wa jana. Imam Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafii aliyefariki mwaka 1567, aliulizwa swali hilo na watu wa Yemen akaandika risala nzima. Hakupitisha hukumu ya moja kwa moja ya haramu, ila alitahadharisha sana watu wajiepushe. Kwa hiyo ukiona vijana wanabishana barazani kama gomba ni haramu au makruhu, jua wako kwenye foleni ya karibu miaka mia tano.

Miraa tunayoijua sisi wa pwani inatoka kwengine, kwenye milima ya Nyambene, Meru. Jani hili halisubiri. Kiini chake kikali kinaitwa kathinoni. Watafiti wa Umoja wa Mataifa walikitambua mwaka 1975. Likishachumwa, kathinoni huanza kupungua nguvu, na baada ya siku mbili tatu hubaki kitu hafifu. Ndiyo maana hufungwa kwenye majani ya mgomba, na ndiyo maana gari za miraa hukimbia kama zimeiba.

Kabla ya barabara na ndege, basi, kufika Kismayo na miraa mbichi lilikuwa jambo gumu, na kufika Ngumi kwa jahazi gumu zaidi. Na kulikuwa na mpaka. Jubaland yote, pamoja na Kismayo na visiwa, ilikuwa chini ya Waingereza mpaka mwaka 1925, walipowapa Wataliano. Wabajuni wakakatwa vipande viwili: wa Kiunga na Faza wakabaki Kenya, wa Ngumi na Chovai wakawa Somalia. Jamaa waliendelea kuvuka kwa mashua kuoana na kuzikana, na vitu vikavuka nao.

Baada ya uhuru wa 1960 kaskazini na kusini zikawa nchi moja, barabara zikaboreka, na jani likateremka kusini kwa kasi. Kufikia 1983 serikali ya Siad Barre ikalipiga marufuku nchi nzima. Sababu iliyotangazwa ni afya na uchumi. Wengi waliona pia kuna siasa ndani yake, manake biashara hiyo ilikuwa mikononi mwa watu wa kaskazini walioanza kuipinga serikali. Kumbukeni marufuku hiyo, tutazihesabu baadaye.

Vita vikafungua njia

Januari 1991 serikali ikaanguka, na sheria ya 1983 ikaanguka nayo. Kila jeshi la ukoo lilitaka Kismayo kwa sababu ya bandari, na mji ukabadilisha mikono mara nyingi. Wabajuni hawakuwa na jeshi. Wanamgambo walifika mpaka visiwani, wakachukua mashua, nyavu na mashine, wakafanya mambo mengine ambayo mama zetu mpaka leo hawayasemi mbele yetu. Watu waliingia baharini na walichokuwa nacho, wakashuka na pepo mpaka Kiunga, Lamu, Malindi na Mombasa.

Wakati sisi tunakimbilia kusini kwa mashua, miraa ilikuwa inakwenda kaskazini kwa ndege. Ndege ndogo ziliruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, karibu kila siku, zikatua kwenye viwanja vilivyoshikwa na wanamgambo. Chakula cha msaada kilikwama, hospitali hazina dawa, lakini jani lilifika likiwa bichi. Vijana wenye bunduki walilipwa kwa miraa, walikesha kwa miraa, walizimaliza hofu zao kwa miraa. Wazee wetu wanatuambia mchana mlikuwa na nafuu kidogo. Saa mbaya ilikuwa jioni, jani likishapanda kichwani, na mbaya zaidi alfajiri, likishashuka.

Yaliyowapata vijana wale yameandikwa. Mwaka 2002 timu iliyoongozwa na mwanasaikolojia Michael Odenwald ilipita nyumba kwa nyumba mjini Hargeisa, ikakusanya habari za watu 4,854. Wagonjwa wa akili waliozidiwa kabisa walionekana zaidi kati ya waliokuwa wapiganaji. Wengi wao walianza kula miraa wakiwa wadogo zaidi, na walikula nyingi zaidi kuliko wenzao wazima. Baadaye watafiti hao hao walizungumza na wapiganaji zaidi ya 8,000 sehemu mbalimbali za Somalia. Wale waliokuwa na jeraha la akili la vita ndio waliokula zaidi, na wengi walisema dawa hizo zinawasaidia kusahau waliyoyaona.

Someni tena sentensi hiyo ya mwisho. Mtu anakula jani ili asahau. Jani linamnyima usingizi. Akikosa usingizi, yale aliyotaka kuyasahau yanarudi yakiwa na sauti. Kesho anakula zaidi. Wataalamu wenyewe hawasemi kwamba miraa peke yake ndiyo inayoumba ugonjwa. Wanasema miraa nyingi, ujana mdogo na jeraha la vita vikikutana, hatari inapanda. Ami na bibi wa ndugu yetu walikuwa wanabishana, kumbe wanasimulia kitu kimoja.

Ukimbizini: kungoja

Familia zetu zilikaa makambi ya pwani ya Kenya, Mombasa na Malindi. Katika miaka ya 1990 makambi hayo yakafungwa moja moja. Wengine walirudishwa visiwani wakakuta nyumba zimechukuliwa. Wengine wakapelekwa Kakuma, kwenye vumbi, watu wa bahari hao. Wengine wakabaki mjini bila karatasi, na wachache wakafika Uingereza na kwengineko.

Popote tulipofika kazi ilikuwa moja: kungoja. Kungoja usajili, kungoja mahojiano, kungoja jibu. Waliofika Ulaya wengine walipimwa Kibajuni chao kwenye rekodi ya sauti, waamuliwe kama kweli ni wa visiwani. Mtu anayengoja hana sababu ya kulala mapema wala ya kuamka mapema. Huko London Wasomali walikuwa na mafrish, vyumba vya kukaa kula jani mpaka usiku wa manane. Huku kwetu kuna maskani. Jani likageuka kuwa kazi ya asiye na kazi.

Tusiseme uongo lakini: maskani pia yametuokoa. Hapo ndipo tulipojifunza majina ya visiwa. Hapo mzee asiyesema kitu nyumbani hufunguka, akaeleza jinsi ya kusoma nyota na mikondo. Saa ya kwanza na ya pili ya miraa watu huongea vizuri, wanapendana, kila mtu ana mpango wa biashara. Wakuu wa mashirika wakituambia "acheni tu", tunajua hawajakaa hapo. Tatizo ni saa ya tano, ya sita, wakati maneno yameisha, moyo unakwenda mbio, kila mtu anatazama sakafu. Hapo hakuna mtu wa kudaka.

Tuzihesabu marufuku

Tumezihesabu zile zilizogusa maisha ya watu wetu moja kwa moja. 1983, Siad Barre. Mwishoni mwa 2006, Mahakama za Kiislamu walipokuwa wameshika kusini, wakapiga marufuku miraa, na Kismayo watu wakaingia barabarani kupinga. Kuanzia 2008 mpaka 2012 al-Shabaab walishika Kismayo: miraa marufuku, na muziki marufuku pia, hata wa harusi. Januari 2013 Uholanzi wakafunga. Juni 2014 Uingereza ikafuata, ingawa kamati yake yenyewe ya wataalamu wa dawa za kulevya ilikuwa imeshauri isipigwe marufuku. Machi 2020 Somalia ikasimamisha ndege za miraa kwa sababu ya korona, zikarudi Julai 2022. Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zikakataza muguka, mahakama ya Embu ikasimamisha amri hiyo, na serikali kuu ikasema sheria inaitambua kama zao.

Kila moja ilikuwa na sababu zake, na mama wengi wa Mombasa walishangilia ile ya 2024, wana haki, wao ndio wanaolala na vijana hawa nyumba moja. Lakini tumezitazama zote, na hatukuona hata moja iliyokuja na wadi, muuguzi au dawa. Zilikuja na askari. Bei ikapanda, jani likaingia mlango wa nyuma, na mgonjwa akabaki na kamba yake mguuni.

Na kuna jambo jengine ambalo wenzetu mlioko Ulaya mnapaswa kulijua. Kathinoni ile ile ya jani letu ina jamaa zake wanaotengenezwa maabara kama unga na vidonge. Anayejulikana zaidi ni mefedroni, iliyojaa kwenye madisko na matamasha ya Uingereza mpaka ikapigwa marufuku Aprili 2010. Baada yake zimetoka nyingine nyingi. Kwa hiyo kijana wa Kibajuni anayesema, "Mimi siwezi kugusa vitu vya wazungu, mimi najua majani tu", ajue ukoo ni mmoja. Tofauti ni kwamba jani linakuchosha mdomo kabla halijakumaliza. Unga haukuchoshi kitu, na kipimo chake hukijui.

LSD na uyoga ni ukoo mwengine. Hivyo hubadilisha kile unachokiona na kukisikia tangu dozi ya kwanza. Miraa kwa kawaida haifanyi hivyo. Inafika huko kwa njia ndefu, kupitia siku kadhaa za kutolala na kutokula. Ila kwenye mlango wa wadi wanakutana wote: aliyemeza uwanjani na aliyetafuna harusini, wote wanasikia watu nyuma ya ukuta. Na wote wawili, hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye historia ya ugonjwa wa akili katika ukoo na kwa mwenye jeraha la zamani.

Kamba

Tunarudi kwenye kitanda kile.

Kumfunga mgonjwa si ukatili wa familia moja. Somalia nzima minyororo imetumika, majumbani na hata hospitalini, kwa sababu hakukuwa na kitu chengine. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilianza mpango wa kuondoa minyororo hospitalini Mogadishu. Mpango huo ulikuwa na hatua tatu: kwanza hospitali bila minyororo, halafu nyumba bila minyororo, halafu jamii isiyomfunga mtu kwa maneno na aibu. Hatua ya tatu ndiyo ngumu. Sisi tulifanya ya tatu kabla ya kamba: baada ya usiku ule wa nne, kabla hata hajafungwa, tulikuwa tumeshampa jina la utani.

Siku ya tatu bibi yake ndiye aliyeamua. Hakusema jini ni uongo wala ami ni mjinga. Alisema, "Asomewe, na apelekwe hospitali. Yote mawili." Ustadhi akaja akamsomea kwa upole, hakupigwa, hakuvutishwa moshi. Kisha tukampakia kwenye tuktuk. Mahali pa kwanza mezani walitaka karatasi ambazo hana, tukarudishwa. Mahali pa pili muuguzi mmoja hakuuliza karatasi kwanza. Aliuliza: "Amelala lini mara ya mwisho?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza swali hilo. Tulihesabu kwa vidole, tukafika usiku wa tano.

Alipewa dawa, akalala karibu siku nzima. Aliamka, akala, akalala tena. Sauti zilipungua kidogo kidogo, na kwenye siku ya kumi hivi zikanyamaza. Daktari alitueleza kwamba kwa wengi huwa hivyo wakiacha jani na wakilala, lakini si kwa wote, na akirudia vile vile, mara ya pili huenda zisinyamaze upesi. Ndugu yetu amerudi kwenye mashine zake za boti. Utani umerudi kidogo. Amesoma makala hii kabla hatujaitoa, akasema tuiache kama ilivyo, ila tuongeze kwamba kamba ilimuuma kuliko sauti.

Tunachotaka

Kwa nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika: mabango ya "Epuka dawa za kulevya" tunayo ya kutosha. Ule mwongozo mdogo wa afya ya akili kwa hali za dharura, uliotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNHCR mwaka 2015, una sura ya watu wanaosikia sauti na sura ya dawa za kulevya. Ulitungwa ili hata kliniki isiyo na daktari wa akili iweze kusaidia. Wafundisheni nao wauguzi wa huku. Na mkimhoji kijana wetu, kabla ya "unatumia nini?", muulizeni analala vipi. Swali la kwanza litamfunga mdomo. La pili litamfungua.

Pia msituambie ngoma ndizo tatizo. Waliotuchukulia ngoma tumewaona, na akili hazikupona kwa sababu hiyo.

Kwa sisi wenyewe, baada ya Ijumaa tulikaa na wazee na wamama, tukakubaliana mambo machache ya kuanzia. Harusi zetu zitakuwa na usiku mmoja wa kukesha, si mitatu. Kila kikundi kitakuwa na wawili wasiokula chochote usiku huo, kazi yao ni kutazama nani amezidiwa na kumpeleka nyumbani akale na alale. Aliye chini ya miaka kumi na minane hapewi jani, na anayempa tutamjua. Mtu akipitisha usiku wa pili bila kulala anaambiwa mama yake, hata akikasirika. Akianza kusikia watu ukutani hafungwi: wawili wanakaa naye kwa zamu mpaka afikishwe kliniki. Mjini Mombasa hospitali ya Port Reitz ina wadi ya akili, msiambiwe hakuna pa kwenda.

Mzee mmoja wa Ngumi aliyekuwa kimya muda wote wa kikao alisema neno moja mwishoni. Alisema zamani wakikesha kwa vave, kulikuwa na mtu aliyekuwa akitazama mashariki. Yeye haimbi. Akiona weupe tu, anawaambia wenziwe basi, na ngoma inakatwa hapo hapo.

Harusi ijayo ni mwezi wa mfungo mosi, inshallah. Wa kutazama mashariki tumeshawachagua.